Saa Kumi na Mbili ya Jua Lipi

Kibaha,
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Mwamvua,

Nimekuona ukipotea kwenye kona ya duka la ushirika na kikapu cha mihogo kichwani, nikangoja kidogo nihakikishe hurudi kuchukua kitu ulichosahau. Hukurudi. Basi nimekaa mezani. Utakuwa Maili Moja kwa mjomba wako Shomari mpaka karibu na magharibi, maana Shomari hajapata kumwacha mtu aage upesi, nami nina muda huo wa kuandika jambo ambalo kwa mdomo limenishinda miaka kumi.

Habari za sabuni, blanketi, na nani atakupokea uwanjani sitaziandika. Shangazi yako amekwisha kuzisema mara tatu, na ya nne ataisema kesho. Mimi nitakuandikia habari ya jua.

Najua utacheka. Wiki nzima umenicheka kwa ajili ya jua. "Baba, naenda Khartoum kusomea uuguzi, siendi kuanika mpunga." Nikacheka nawe, na nikaacha kusema nilichotaka kusema. Sasa nisome bila kucheka, au cheka mwanzoni tu, kwa sababu mwanzoni yapo ya kuchekesha.

Unamfahamu Maalim Bakari, yule mzee mwenye ndevu za hina anayefundisha watoto Kurani karibu na kisima. Alipokuwa kijana alikaa Khartoum miaka saba akisoma dini. Mwezi uliopita nilimwendea, nikamwomba anieleze mtu anatembea saa ngapi katika mji uliozungukwa na jangwa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa samaki analala saa ngapi.

"Mwanao anaondoka mwezi gani?"

"Huu wa tatu unaokuja."

"Basi anaingia mlangoni wakati moto ndio unawashwa," akasema. "Mwezi wa nne, wa tano na wa sita, huko watu hawatembei. Wanahama kutoka kivuli mpaka kivuli."

Nilitoa daftari. Akacheka sana alipoliona, lakini alijibu kila kitu, nami nakunakilia kama alivyosema. Alfajiri mji ni wako. Watu hutoka na weupe wa kwanza, hununua mkate na maziwa, huamkiana, na ukuta unaougusa bado ni baridi. Jua likishapanda kimo cha mkuki, maliza ulichokuwa unafanya. Inapofika saa tatu yetu uwe umefika unakokwenda. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi usitoke bila sababu inayoweza kuelezeka kwa sentensi moja. Alasiri itakudanganya: kivuli kitakuwa kirefu, utadhani ni jioni, na kumbe kuta na lami vinatapika joto vililolimeza mchana kutwa. Ngoja saa kumi na moja. Hapo watu hutoa viti na vitanda nje, watoto hucheza, na wenye kutembea huenda kando ya mto, kwa sababu upepo wa pale umepita juu ya maji.

Asubuhi shika upande wa mashariki wa barabara, ule ambao nyumba zake zina jua mgongoni. Kivuli chao kitakuangukia. Jioni vuka, shika wa magharibi. Na ukiwa huna saa, tazama kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ingia ndani.

Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili unaweza kutembea hata saa tano asubuhi, na alfajiri utataka sweta. Nilimwuliza mara mbili. "Sweta? Khartoum?" "Sweta, bwana. Andika."

Akaniambia na habari ya vumbi. Utaona kusini kumesimama kitu cha rangi ya udongo, kirefu kama mlima, na mlima huo unatembea. Nyumba za mbali zikianza kupotea usishindane nao. Ingia mlango wowote ulio karibu, toa salamu, kaa. Hakuna atakayekuuliza unatoka wapi mpaka mlima ule upite. Halafu akasema neno ambalo limekaa nami tangu siku ile. Alisema katika mji ule, mtu akionekana anatembea peke yake jua likiwa utosini, watu humfungulia mlango na kumpa maji kabla hajabisha hodi, kwa sababu wanajua ama ni mgeni, ama amefiwa.

Nilifunga daftari nikaaga. Maalim alidhani nimechoka.

Liko moja ambalo hakuniambia yeye, nimelijua mwenyewe kwa kusoma, nalo ndilo linaloniingiza ninakoogopa kuingia. Huko watakuhesabia saa kuanzia usiku wa manane, kama Wazungu. Sisi tunahesabu kuanzia jua lichomozapo. Ungekuwa unakwenda kwa Wazungu ungejihadhari, kwa sababu neno lao ni geni. Lakini Waarabu ndio waliotupa sita, na saba, na tisa. Utasikia rafiki akikuambia *sitta*, na sikio lako litaitambua kama ndugu. Utadhani ni saa sita, adhuhuri. Yeye anasema alfajiri, au magharibi. Neno ni lile lile, jua silo. Kwa hiyo uliza. Kila mtu akikutajia saa, uliza ni ya jua lipi. Wakikucheka, waache wacheke, uwe umekwisha kujua.

Mimi sikuuliza.

Jumapili iliyopita mlikuwa uani, wewe na shangazi yako, mnachagua mchele. Shangazi akakuuliza, ukirudi muuguzi utafanya nini kwanza. Nilidhani utasema utanunua redio. Ukasema, "Nitamtafuta yule dereva wa lori. Sitamfanya kitu, shangazi. Nataka nimwangalie usoni tu, nimwambie mimi ndiye mtoto wa Zena." Halafu ukaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Tulipokaa kula niliomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Mwamvua, dereva yule hana kosa. Nitakueleza lilivyokuwa, tangu mwanzo.

Ulikuwa na miaka saba. Tulikaa Marui, kule mwisho, ambako nyumba zilikuwa mbalimbali kiasi kwamba ukitaka moto kwa jirani unafika nyumbani umezimika. Tulikuwa na mikorosho, mihogo, na nyumba ya udongo yenye vyumba viwili ambayo mama yako Zena aliipaka chokaa mbele tu, akasema nyuma anayeiona ni mbuzi. Mimi nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima, jioni, chini ya paa la ghala. Watu waliniita Mwalimu. Hata Zena aliniita Mwalimu, lakini yeye alilivuta lile neno kidogo mwishoni, na nikilisikia hivyo nilijua nimejivuna.

Kwa kweli nilijivuna. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane, nilikuwa na saa ya mkono, na katika watu wote wa upande ule mimi peke yangu niliweza kusoma karatasi ya Kiingereza bila kusogeza midomo.

Wakati ule watu walikuwa wanahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Wengi wa Marui walikwisha kwenda. Tulibaki sisi na ng'ambo ya bonde nyumba mbili, ambazo watu wake waliamua kutangulia kwa mguu. Sisi tuliambiwa tungoje lori njiapanda, kwa sababu mama yako alikuwa na mimba ya miezi saba. Kijiji kipya kilikuwa upande wa Masaki, mwendo wa masaa manne. Lori lililetwa kwa ajili yake, Mwamvua. Mtu fulani ofisini alikumbuka kwamba yuko mwanamke mjamzito Marui, akatuma lori. Jambo hilo hujapata kuambiwa.

Karatasi ililetwa na mjumbe wa baiskeli. Ilikuwa imepigwa chapa, na maneno yake yalikuwa machache: siku, njiapanda, na *saa 12.00*. Niliisoma kwa sauti.

"Alhamdulillahi," akasema mama yako. "Tutatembea kwenye ubaridi mpaka njiapanda."

"Ubaridi gani? Hiyo ni mchana."

"Saa thenashara ni mchana? Tangu lini?"

Alipenda kusema thenashara badala ya kumi na mbili, kama bibi yake aliyemlea. Nikamwambia, "Ingekuwa umeandika wewe, ingekuwa alfajiri. Hii imepigwa chapa. Watu wa ofisini wanahesabu Kizungu. Kumi na mbili ya Kizungu ni saa sita yetu. Tazama hapa: nukta, kisha sufuri mbili. Mswahili gani anaweka sufuri mbili nyuma ya saa?"

Akaichukua karatasi, akazitazama zile sufuri kwa muda.

"Labda ni macho," akasema. "Yanakutazama wewe, Mwalimuu."

Tulicheka. Wewe pia ulicheka, bila kujua tunacheka nini. Halafu akaacha kucheka akasema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema. "Basi twende alfajiri tukangoje. Likija mchana, litatukuta tumekaa. Likija alfajiri, tupo."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sura yoyote niliyohifadhi. Hayakutaka elimu yoyote. Na mimi nikajibu, "Nikakae njiapanda masaa sita, watu wapite wanione, Mwalimu asiyejua saa? Unataka nionekane mshamba?"

Alikwenda kufunga sufuria kwenye kanga.

Siku ile tulitoka nyumbani saa nne. Nilikuwa nimekwisha kuondoa makuti ya paa siku mbili kabla, kwa hiyo hatukuwa na pa kurudi. Mwezi wa pili, vuli imekwisha, masika bado, mchanga mweupe unaumiza macho. Tulifika njiapanda kama saa sita kasorobo. Nakumbuka nilitazama saa yangu nikaridhika. Robo saa mapema.

Pale njiapanda alikaa Bi Chausiku, mjane, mwanafunzi wangu wa kisomo, aliyekuwa amefika herufi ya *m*. Yeye alikuwa mzee sana, wakamwacha akae mpaka mavuno. Mama yako alikaa kivulini akakutoa mwiba mguuni. Bi Chausiku aliniita pembeni, nyuma ya jiko lake.

"Mwalimu, mbona mmechelewa?"

"Hatujachelewa, mama. Bado robo saa."

"Lori limekwisha kuja. Limekuja na weupe wa alfajiri, likapiga honi mara tatu. Dereva akashuka, akaniuliza watu wa Mwalimu wako wapi. Nikamwambia labda wako njiani. Akangoja mpaka jua likatoka lote, akapiga honi tena, akaenda zake."

Nikamwambia tu, "Bi Chausiku, nakuomba."

Alinielewa upesi kuliko nilivyojielewa. Akatazama alikokaa Zena, kisha akanitazama mimi. "Mimi mzee," akasema. "Macho yangu alfajiri hayaoni vizuri. Sikuona lori, basi. Lakini wewe Mwalimu umekwisha kuliona. Utakuwa unaliona."

Nikarudi kivulini nikamwambia mama yako, "Lori halijaja, na sasa halitakuja. Tutembee."

"Sasa hivi? Jua hili la utosi?"

"Ni masaa manne tu."

"Tungoje alasiri," akasema. "Bi Chausiku hatatunyima kivuli. Nipike uji, mtoto ale, jua likipungua twende. Tutafika na isha, kuna ubaya gani?"

Hakukuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwamba kukaa pale mpaka alasiri ni kukaa masaa manne uani kwa mwanamke anayejua. Niliogopa atateleza ulimi. Niliogopa Zena atamwuliza, kwa mzaha wake, kama ameona lori. Nikasema kwa sauti ya mtu anayetoa amri, "Tukingoja tutakuta nafasi nzuri zimekwisha." Nafasi zipi, Mungu anajua. Nilibuni palepale.

Akainuka. Hilo nalo linaniuma: aliinuka bila kubishana. Alinizoea kuwa mtu anayejua.

Sijui unakumbuka nini cha njia ile. Nimekuwa nikiogopa kukuuliza. Uliungua miguu ukalia, mama yako akakupa kandambili zake, zikawa zinakupwaya ukatembea ukiburuta, naye akatembea peku. Mimi nilibeba godoro na sanduku, yeye sufuria, nguo, na mtoto tumboni. Tulikuwa na kibuyu kimoja cha maji. Kila tulipopumzika alikunywesha wewe kwanza, yeye akakigusa kwa midomo tu, akakifunga.

Mwanzoni alitania. Tulipopita kilima cha kwanza akasema, "Mwalimu, hii ndiyo kumi na mbili ya Kizungu? Basi Wazungu wana taabu." Nikamwambia anyamaze apumzike. Kama ningeweza kulirudisha neno moja tu katika maisha yangu, lingekuwa hilo la kumwambia anyamaze.

Baada ya kilima cha pili alinyamaza kweli. Nilimtazama nikaona uso wake mkavu. Nilidhani ni nafuu, kwamba jasho limekwisha kwa sababu ameuzoea mwendo. Sasa unakwenda kusomea uuguzi, na najua watakufundisha katika mwezi wa kwanza kitu ambacho mimi sikukijua: mtu wa juani akiacha kutoka jasho, ndiyo hatari yenyewe. Nilikuja kulisoma miaka mitano baadaye, katika kitabu cha huduma ya kwanza, nimesimama kati ya rafu za shule.

Kisha akaniuliza, "Kuku nimewafungia?" Kuku tulikuwa tumewauza juma lililotangulia. Nikamwambia umewafungia. Akauliza tena. Mara ya tatu aliniita kwa jina la kaka yake. Halafu akakaa chini, taratibu, kama mtu anayetaka kuvaa kiatu, akalala ubavu.

Nilikuacha naye nikakimbia kutafuta watu. Walikuja wanaume wanne na kitanda cha kamba, wakambeba mpaka zahanati. Mganga alikuwa kijana mpole. Alimwekea nguo za maji mwili mzima, akawa anampepea kwa jalada la daftari. Akaniuliza, bila kuacha kupepea, "Mmeanza kutembea saa ngapi?"

Nikasema, "Alfajiri."

Hata pale, Mwamvua. Alikuwa amelala mbele yangu, na saa ikanitoka mdomoni imekwisha kubadilishwa.

Mama yako alifariki jua likizama, na mdogo wako pamoja naye, hajaiona dunia. Tulimzika katika kijiji ambacho hakupata kukikanyaga kwa miguu yake.

Siku ya tatu ya matanga, watu wamekaa jamvini, akaja mtu wa makamo amevaa kofia ya mkono, akasimama mbali kidogo akasema yeye ndiye dereva. Anaitwa Athumani. Amekuja kutoa pole, na amesikia watu wanasema lori halikufika. "Nilifika, ndugu zangu," akasema. "Nilipiga honi mara tatu. Nilingoja. Muulizeni mwenye karatasi."

Mwenye karatasi nilikuwa mimi, na karatasi ilikuwa mfukoni mwangu.

Mjomba wako Shomari aliruka na mpini wa jembe. "Umemwua dada yangu, na bado unakuja kula pilau yake!" Watu wakamshika Shomari, Athumani akarudi nyuma kinyumenyume, akiwa ananitazama mimi tu, akingoja niseme. Watu hamsini walikuwa pale. Wewe ulikuwa mapajani kwangu. Ungetaka kujua nilihisi nini, nami nimejaribu kuwa mkweli katika barua hii: nilihisi kwamba nikikaa kimya kidogo tu, itapita.

Ikapita. Hadithi ikawa ile unayoijua, ya lori lisilokuja. Shomari ameisimulia kila mwaka, na leo pengine anakusimulia tena unapoaga, kukutia nguvu. Athumani watu wa vijiji vile waliacha kumpakia mizigo yao, wakasema lori lake lina mkosi, na mwisho aliacha udereva. Bi Chausiku alikufa mwaka uliofuata. Hakusema kitu. Darasani hakurudi.

Nami sikuweza kufundisha tena. Somo la saa lilipofika, nilichora duara ubaoni nikashindwa kutia mishale. Nikakuchukua tukaja huku Kibaha, nikapata kazi ya kutunza vitabu shuleni, na watu wakasema Salum amekimbia ujamaa. Waache waseme. Ujamaa ulinipa lori. Nimeishi hapa miaka kumi kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha mwenzake, nimesoma kila kitabu kilichopita mikononi mwangu, na Marui sijarudi hata kuona korosho zinaokotwa na nani.

Athumani yuko Mlandizi. Anatengeneza baiskeli, upande wa pili wa barabara ukitoka sokoni. Mwaka juzi mnyororo wangu ulikatika pale pale mbele yake, kama vile umetumwa. Alikaa chini akautengeneza. Alipomaliza alinyanyua uso akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyomtazama mteja. "Ulikuwa umelegea siku nyingi, mzee," akasema. Sijui kama alinitambua. Nilipanda nikaondoka.

Umeniona nikiwa mkali kwa mambo ya ajabu. Uliniuliza siku moja kwa nini nakataza kutumwa dukani adhuhuri, wakati watoto wote wa mtaa wanatumwa. Nikasema utaungua. Jibu lenyewe ndilo hili, limechelewa.

Sina wasia wa kukupa kuhusu kusema kweli. Mtu wa namna yangu hana haki ya wasia huo. Ninalolijua ni dogo. Najua kwamba saa ile niliyokosea kuisoma ilikuwa kosa la karatasi na kiburi, na Zena angeweza kunicheka kwa hilo mpaka uzee wetu. Pale njiapanda tulikuwa bado tuna kivuli, uji, na alasiri mbele yetu. Kilichotutoa kivulini ni aibu yangu. Na siku moja, huko au huku, ataletwa mgonjwa kwenye kitanda cha kamba, na utamwuliza aliyemleta wametembea tangu saa ngapi. Akijibu upesi mno, usimkaripie. Mpoze mgonjwa kwanza. Kisha mwulize tena, kwa upole, ukiwa humtazami.

Nilikusudia kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute umekwisha kufika. Niliikunja hata kabla sijaiandika, kichwani mwangu. Halafu nikafikiri: utaisoma peke yako katika mji wa watu, mbali na kaburi, mbali na Shomari, mbali nami, na hasira yako haina mlango wa kubisha. Ingekuwa ni kukuongoza kwa mara ya pili mchana kati, nami nikiwa salama kivulini. Kwa hiyo utaisoma hapa.

Nitakupa mkononi ukiingia tu, kabla hujatua kikapu. Kisha nitakwenda msikitini, nitaswali magharibi, nitakaa huko mpaka isha, upate kusoma bila kunisikia nikikohoa ukumbini. Shangazi yako hajui lolote. Ukitaka kumsomea, msomee. Shomari nitamwambia mwenyewe. Na kesho, ukishaondoka, nitakwenda Mlandizi, nitamwambia Athumani mbele ya wateja wake, kwa sauti. Sitafanya hivyo ili unisamehe, kwa hiyo usiniandikie kuniuliza alijibu nini kama hutaki kujua.

Sanduku lako lina uzito, nimelijaribu. Alfajiri nitakuwa barazani, nimekaa. Ukiniambia, "Baba, shika huku," nitashika, tutakwenda barabarani. Ukimwambia shangazi yako ashike, nitabaki nimekaa hapo hapo, na sitamwuliza mtu yeyote kwa nini.

Ni mimi baba yako,
Salum